Mafuta mekundu ya tanki la nyumba: yanafaa kwenye pikapu?

Swali limetoka kwa kijana wa Lewiston, Maine, Marekani:

"Fundi, shikamoo. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa nina mwaka wa sita huku. Mwaka jana nilinunua nyumba ya zamani inayopashwa joto kwa mafuta. Chini ya nyumba kuna tanki la galoni 275. Nina pikapu ya dizeli, Ford F-250 ya 2005, ambayo kipindi cha baridi naifunga jembe la theluji na kusafisha viwanja vya maduka. Jirani kaniambia yale mafuta mekundu ya kwenye tanki ni dizeli ileile ya sheli, tena rahisi. Jumamosi nimenyonya galoni tano nikatia kwenye gari, na limetembea bila shida. Sasa rafiki yangu ananitisha kwamba nitafungwa. Nani mkweli? Pia tunalima watu wanne kwa pamoja, tuna trekta ndogo na jenereta: hizo zinywe mafuta gani? Kaka yangu anaendesha lori la friji na yeye hununua mekundu kila wiki. Na mzee wangu aliye Kasulu, Tanzania, nilipomsimulia, ameuliza mbona yeye na mashine yake ya kusaga hauziwi dizeli ya rangi."

Marahaba, mdogo wangu. Jirani amesema kweli kuhusu mafuta, na rafiki yako amesema kweli kuhusu sheria, ila kwenye kufungwa ametia chumvi. Kwa galoni tano hufungwi. Unaweza kutozwa dola 1,000, na kwa mtu aliyetoka kununua nyumba juzi, hizo zinauma vya kutosha. Kwa hiyo usirudie, na kabla hujaliwasha tena hilo gari nisome mpaka kwenye habari ya Jumamosi, maana kuna la kufanya.

Tuanze na rangi yenyewe. Chukua mafuta ya tanki lako na dizeli ya sheli, yatie kwenye chupa mbili za kioo, ziweke dirishani. Moja utaiona nyekundu kama juisi ya rozela, nyingine ina unjano mwepesi au haina rangi kabisa. Kwa macho ni vitu viwili. Kwa injini, siku hizi ni karibu kitu kimoja: yametoka mtambo uleule wa kusafisha mafuta, yakapita bomba lilelile, na rangi imetiwa mwishoni kabisa, pale lori linapopakia kwenye bohari. Rangi inayotumika Marekani inaitwa Solvent Red 164, na kipimo cha chini ni nguvu inayolingana na ratili 3.9 za rangi kwa kila mapipa 1,000. Hiyo ni chini ya kilo mbili kwenye lita 159,000. Kiasi hicho kidogo hakibadilishi namna mafuta yanavyowaka, lakini kinatosha kumsuta mtu miezi baadaye.

Kinachosutwa ni kodi. Serikali kuu ya Marekani hutoza senti 24.4 kwa kila galoni ya dizeli inayoingia kwenye gari la barabarani, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1993, na karibu fedha zote huenda kwenye mfuko wa barabara. Juu yake kila jimbo linaweka lake. Maine ni senti 31.2. Pennsylvania wanatoza zaidi ya senti 70, Alaska hawafiki hata 10. Sasa trekta iliyo shambani, katapila kwenye machimbo, boti ya mvuvi wa kamba na tanuru la chini ya nyumba yako havichakazi lami ya mtu, kwa hiyo havidaiwi fedha ya lami. Mafuta yake yanauzwa bila kodi hiyo, na yanatiwa rangi ili yajulikane popote yatakapokutwa.

Zamani hayakutiwa rangi, na wajanja walikula vizuri. Miaka ya 1980, hasa New York na New Jersey, magenge yalikuwa yananunua mafuta ya kupashia nyumba yasiyo na kodi, yanayauziana kwa kampuni za makaratasi, moja kwa nyingine kwa nyingine, hadi yanafika sheli kama dizeli ya barabarani na aliyepaswa kulipa kodi hajulikani yuko wapi. Rangi ya kodi ikaanza 1994. Wachumi wawili, Justin Marion na Erich Muehlegger, walipokaa kupima baadaye waliona mauzo ya dizeli yenye kodi yalipanda kwa kama robo mara tu rangi ilipoingia, huku mauzo ya mafuta ya kupashia nyumba yakishuka. Si kwamba nyumba za Marekani zilipata joto ghafla mwaka ule.

Haya, hesabu. Watu wengi hufikiri mafuta mekundu ni rahisi kwa nusu. Siyo. Tofauti halali kati ya mekundu na meupe ni ile kodi tu: kwa Maine, 24.4 na 31.2, jumla senti 55.6 kwa galoni. Tanki la pikapu yako ni galoni 29 ikiwa bodi yake ya nyuma ni ile fupi. Ukilijaza lote kwa mekundu umeokoa dola 16 na senti kidogo. Ukitembea maili 12,000 kwa mwaka, na gari linakwenda maili 16 kwa galoni, unachoma galoni 750 na kuokoa kama dola 417 mwaka mzima. Weka hizo upande mmoja.

Upande wa pili, sheria ya kodi inasema anayetumia mafuta ya rangi pasipostahili, naye anajua au alikuwa na kila sababu ya kujua, atatozwa dola 1,000 au dola 10 kwa kila galoni, ile iliyo kubwa zaidi. Ukikamatwa tena, ile elfu inazidishwa: mara ya pili 2,000, mara ya tatu 3,000. Kumkatalia mkaguzi asichovye tanki ni dola 1,000 peke yake. Hiyo ni serikali kuu tu. Jimbo lina faini zake. Ili faini moja ndogo kabisa ijirudishe, ingebidi uchome karibu galoni 1,800 za wizi bila kuguswa na mtu. Mimi ningekuwa mwizi ningetafuta kazi yenye mshahara mzuri kuliko huo.

Utaniambia hukujua. Pampu ya mafuta ya rangi hubandikwa onyo kwamba ni kwa matumizi yasiyotozwa kodi tu na kwamba kuna adhabu. Tanki la nyumbani kwako halina karatasi hiyo, lakini tafuta risiti uliyoachiwa na kampuni iliyokuletea mafuta. Onyo hilohilo linatakiwa liandikwe humo. Ukilikuta, "sikujua" yako imekufa hapo.

Nitakuwa mkweli: pikapu binafsi haiingii mizani kama lori, na wapo watu waliotembea na mekundu miaka bila kuulizwa. Lakini wakaguzi wa mafuta wa IRS, ile mamlaka yao ya kodi, na askari wa magari ya biashara hawakai mizanini tu. Huenda minadani kwa mifugo, kwenye maeneo ya ujenzi, kwenye maegesho, mahali ambapo pikapu za dizeli zimejipanga. Wanashusha mrija mwembamba kwenye tanki, wanachota kidogo, wanatazama kwenye mwanga, na wakishuku wanapeleka maabara. Gari lenye jembe la theluji na namba ya simu ya kazi ubavuni linavutia macho kuliko la mtu wa kawaida. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye gereji ya mitambo huku kaskazini, na nakumbuka mteja mmoja aliyekuwa na lori dogo la shamba. Aliapa kwamba walitia mekundu mara moja tu, tena miezi mitatu nyuma, siku ya mvua sheli zikiwa mbali. Nilipofungua chujio, karatasi yake ilikuwa ya waridi kama kucha za bibi harusi. Kama nimeiona mimi bila maabara, mkaguzi angeionaje?

Jambo moja la pembeni: kuna siku serikali yenyewe huruhusu. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, na tena Harvey mwaka 2017, IRS ilisimamisha adhabu kwa muda katika maeneo yaliyoharibiwa ili mafuta ya rangi yatumike barabarani. Hata hapo ile kodi ilidaiwa. Walichosamehe ni faini.

Sasa hoja yako ya theluji, ambayo najua unaishikilia ingawa hukuiandika wazi: kwamba ukiwa kwenye kiwanja cha duka hauko barabarani. Nimeisikia kwa wengi. Haisimami. Sheria haiangalii umekanyaga nini dakika hii, inaangalia chombo. Pikapu iliyosajiliwa kwa ajili ya barabara, au inayopaswa kusajiliwa, inabaki gari la barabara hata ikishinda usiku kucha ikisukuma theluji nyuma ya duka. Ungekuwa na kile kimashine kidogo cha kusukumia, cha Bobcat, ambacho hubebwa juu ya trela na hakina namba za barabarani, hicho kingekunywa mekundu kihalali katika kiwanja kilekile. Ndivyo ilivyo kwa trekta pia. Ikivuka lami kutoka shamba moja kwenda jingine haijageuka gari la barabara.

Na usije ukamsikiliza atakayekuambia rangi inatolewa. Huko Ireland Kaskazini magenge "yalifua" dizeli kwa asidi na udongo wa kuchujia, wakaacha tope la sumu kando ya barabara na mitoni, na magari ya watu yakaharibika pampu. Uingereza na Ireland wakaongeza alama mpya mwaka 2015 isiyofulika kirahisi. Hapa Marekani kuchezea nguvu ya rangi makusudi kuna adhabu ileile ya dola 1,000 au dola 10 kwa galoni.

Tuache sheria, tuje kwenye injini, maana huko ndiko mimi nina usemi zaidi. Umesema limetembea bila shida. Naamini. F-250 ya 2005 ni ya kabla ya chujio la masizi kwenye ekzosi, lililoanza kuwekwa kwenye modeli za 2007, kwa hiyo haina mengi ya kulalamikia. Zamani shida kubwa ilikuwa salfa. Mafuta ya nyumba yalikuwa nayo nyingi. Dizeli ya barabarani ilishushwa hadi sehemu 15 kwa milioni kuanzia 2006, ya mitambo ya nje ya barabara ikafuata 2010, na ya kupashia nyumba New York ikaanza 2012, kisha majimbo ya New England yakafika huko kufikia 2018. Ndiyo maana nasema siku hizi ni karibu kitu kimoja. Hilo neno "karibu" lina kazi, tulitazame.

Kwanza, viwango. Dizeli ya injini hupimwa wepesi wake wa kuwaka, na Marekani inadai setani isiyopungua 40. Hupimwa pia ulaini, yaani uwezo wake wa kulainisha vyuma vya pampu na nozeli. Mafuta ya tanuru hayadaiwi lolote kati ya hayo. Mara nyingi yanakuwa nayo kwa sababu yametoka chungu kimoja na dizeli, lakini hakuna aliyekuahidi. Injini yako, ile ya lita 6.0, ina nozeli nane, na bei ya moja itakula akiba ya mwaka wako.

Pili, tanki lako lenyewe. Nyumba ya zamani maana yake tanki la zamani. Chini yake kuna tope la miaka, kutu, maji ya jasho la chuma. Tanuru linavuta taratibu, lina chujio lake, haliudhiki. Wewe umeingiza mpira ukavuruga chini. Nenda kasikilize tanuru lako wiki hii; likianza kuzimika hovyo, badilisha chujio lake kabla hujamwita fundi.

Tatu, na hili ndilo lingekuumbua hata kama sheria isingekuwapo, ni baridi. Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta inaganda, mafuta yanakuwa kama uji wa jana, chujio linaziba, gari linazimika. Sisi tuliotoka Kigoma na Mbeya hatukuwahi kuliona hilo, na mara ya kwanza kuliona nilidhani mtu ametia mafuta ya kupikia. Sheli za Maine, baridi ikikaribia, huuza dizeli iliyochanganywa na ile nyepesi wanayoiita namba 1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, au iliyotiwa dawa. Mafuta ya chini ya nyumba hayahitaji hayo kwa sababu yanakaa kwenye joto. Ukiyahamishia kwenye gari linalolala nje Januari, usiku wa nyuzi 15 chini ya sifuri ambao Lewiston si wa ajabu, saa tisa alfajiri wenye maduka wanakusubiri usafishe viwanja nawe umekaa na pikapu iliyoganda matumbo.

Habari ya Jumamosi, basi. Usiliendeshe gari. Toa mafuta yote ya kwenye tanki kwa pampu ya mkono, na kama ulinyonya kwa mdomo usinyonye tena: dizeli ikishuka kwenye mapafu ni kitanda cha hospitali. Yatie kwenye madumu ya njano. Huku rangi ya dumu ina maana: njano ni dizeli, jekundu ni petroli, bluu ni mafuta ya taa. Lile dumu la njano la mafuta ya kula tulilotumia kuchotea maji nyumbani, hapa ukilionyesha watu watadhani una dizeli. Mchanganyiko huo usiumwage. Unaruhusiwa kuuchoma kwenye tanuru au jenereta, na ukiurudisha kwenye tanki la nyumba uchuje kwanza kwa faneli yenye chujio. Kisha badilisha vyujio vya mafuta vya gari. Injini yako ina viwili, kimoja kwenye fremu chini upande wa dereva na kingine juu ya injini. Jaza dizeli ya pampu isiyo na rangi, na risiti iweke ndani ya gari. Bado chembe za rangi zitakuwamo kwa muda, zitapungua kila unapojaza. Hilo haliwezi kufutwa kwa siku moja.

Na kuna swali sitaki unijibu mbele za watu. Kama mafuta hayo ya nyumba yamelipiwa na HEAP, ule msaada wa kupasha nyumba unaosimamiwa na MaineHousing, basi kuyahamishia kwenye gari ni kosa jingine juu ya lile la kwanza, na hilo linaweza kukufungia msaada. Kama hujawahi kuomba msaada huo, omba. Nyumba nyingi za Maine hupashwa kwa mafuta, na mwaka 2022 galoni ilipopita dola 5 waliokuwa wameshaandikishwa ndio waliolala usingizi.

Kinyume chake kinaruhusiwa, nawe kitakufaa siku moja. Tanki la nyumba likikauka usiku wa baridi na kampuni haiji mpaka Jumatatu, unaweza kununua galoni tano au kumi za dizeli ya sheli ukatia kwenye tanki la nyumba. Tanuru litawaka. Zima kwanza, mimina, subiri tope litulie, toa hewa kwenye njia ya mafuta kama haliwaki. Petroli usiitie kamwe, hata kijiko. Hiyo si kupasha nyumba, ni kuilipua.

Kuhusu shamba lenu. Trekta na jenereta ya dizeli zinaruhusiwa mekundu bila wasiwasi. Ninachouliza ni kama inafaa. Mekundu hayako kila sheli. Yako kwa wauzaji wa mafuta ya mashambani, kwenye magati ya wavuvi, kwenye baadhi ya vituo vya vijijini. Ukitaka uletewe, wengi hawaji kwa chini ya galoni 100 au wanadai nauli, na unahitaji tanki la kuhifadhia. Mafuta yaliyokaa mwaka yanaota utelezi, yanavuta maji, na yale uliyonunua kiangazi yatakuganda kwenye baridi. Majimbo mengine nayo yakiona hujalipa kodi ya barabara yanakudai kodi ya mauzo, mpaka uonyeshe karatasi kwamba wewe ni mkulima. Watu wanne wenye trekta ndogo inayochoma, tuseme, galoni 60 msimu mzima, mnagombania dola 33. Mngekuwa mnalima eka mia kadhaa ningekwambia nunueni tanki kesho.

Kwa kiwango chenu mimi ningenunua dizeli ya kawaida kwenye madumu, nikaweka risiti kwenye bahasha, kila moja imeandikwa nyuma "trekta" au "jenereta". Mwisho wa mwaka, mnapojaza kodi, kuna Fomu 4136 ambayo humrudishia mtu kodi ya serikali kuu kwa mafuta yaliyotumika nje ya barabara: senti 24.3 kwa galoni, ile moja ya kumi ya senti hairudi. Galoni 60 zitawarudishia dola 14.58. Si utajiri, lakini ni halali na haigandi. Sehemu ya jimbo iulizeni Maine Revenue Services. Mkitaka ushauri wa watu wanaolima kwa pamoja hapo jirani, wapo Wabantu wa Kisomali wenye shamba lao Wales, Maine, na Kiswahili kwao hakikosi msemaji.

Kaka yako yuko sawa, mradi ajue anachokifanya. Trela la friji lina injini yake juu mbele ya boksi, na tanki lake dogo chini ya trela. Injini ile haisukumi gari, inapoza mboga, kwa hiyo mafuta yake hayadaiwi kodi ya barabara. Kwenye vituo vikubwa vya malori pampu humuuliza dereva kabisa anajaza lori au friji, na bei inabadilika. Makosa huwa mawili. La kwanza ni uchovu: saa nane usiku anaingiza bomba la friji kwenye tanki la lori. Likitokea, asiwashe, aite bosi wake, yatolewe, na karatasi za kuonyesha kwamba yametolewa zikae kwenye lori. La pili hufanywa na wenye malori yao wenyewe: wanachanganya risiti za friji na za lori wanapojaza IFTA, ile hesabu ya kila robo mwaka ya kodi ya mafuta kwa majimbo. Galoni za friji hazimo kwenye hesabu hiyo. Ukiziingiza, wastani wako wa maili kwa galoni unashuka, na mkaguzi ana macho.

Nimemwacha mzee kwa heshima, maana swali lake ndilo gumu. Mpe shikamoo yangu. Mwambie yuko sahihi: mashine yake ya kusaga Kasulu haijawahi kukanyaga lami, lakini kila lita anayonunua ina tozo ya barabara ndani yake, sawa na ya basi la Mwanza. Kwetu alama za mafuta zilitiwa kwa vita nyingine. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kwa ajili ya koroboi na majiko ya wanyonge, wajanja wakayamimina kwenye dizeli, na tukapata neno kuchakachua ambalo sasa tunalitumia hata kwa kura. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia nishati na maji, wakaanza kutia vinasaba, yaani alama ya siri, mwaka 2010 kwenye mafuta yanayouzwa nchini, ili yasiyo navyo yajulikane kuwa yamechanganywa au hayakulipiwa kodi. Mwaka wa fedha 2011/12 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi kuchanganya kukakosa faida. Kenya walifanya hivyo Septemba 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita.

Ona tofauti. Marekani waliacha mafuta ya bei nafuu yaendelee kuwapo, wakayapaka rangi na kuajiri watu wa kuchungulia matanki. Sisi tukaiondoa ile bei nafuu yenyewe, na mwenye koroboi akalipa. Dizeli nyekundu kwa mashine za kusaga ingetaka mkaguzi wa kuchovya matanki ya daladala na malori kutoka Kigoma hadi Tanga, kila siku, asiyekula chochote. Mzee anaijua ile barabara kuliko mimi. Muulize angemwajiri nani.